Mama Aliyetamani Trauti

Kulikuwa na mama mmoja kule mlimani, kwenye mito ile ya maji baridi yanayouma mpaka mifupa. Alikuwa na wana wawili. Mto ulikata shamba lao katikati: mkubwa alijenga huku, mdogo ng'ambo. Na tangu wagombanie ng'ombe wa marehemu baba yao, hata salamu hakuna. Ng'ombe, jamani! Mnacheka? Ninyi wenzangu mmegombania nini?

Mama akaugua, akalala kwa mkubwa, chakula hakipiti. Asubuhi moja akasema, "Mwanangu, natamani trauti, yule samaki wa madoadoa wa mtoni kwetu."

Mkubwa akachukua ndoana, huyo mtoni. Sasa, trauti wa pale ni mjanja. Akinaswa hukimbilia mizizi ya ng'ambo, na kama upande ule hakuna mtu wa kumtoa kwa wavu, mshipi unakatika. Ndiyo maana utotoni walivua wawili, mkubwa na ndoana, mdogo na wavu.

Basi akanasa. Samaki mbio, mpaka kwenye mizizi. Kuinua macho, mdogo wake huyo amesimama palepale, anakata majani ya ng'ombe. Mkubwa akakohoa.

"Una mdomo," mdogo akasema. "Niombe."

"Nikuombe wewe? Afadhali mshipi ukatike!"

Ukakatika. Angesema tu "ni wa mama", yote yangekwisha. Lakini kiburi kikikaa kooni, hata neno dogo halipiti.

Akaenda kwa wafugaji wa samaki, akanunua trauti mnono, akamkaanga vizuri, akampelekea mama. Mama akaitazama sahani.

"Mdogo wako alikuja na wavu?"

"Mama, wewe kula tu."

"Nakuuliza, alikuja?"

"Hakuja. Huyu nimemnunua."

Mama akaisukuma sahani. "Mwanangu, mimi samaki sili. Sijala tangu nizaliwe. Mlipokuwa wadogo niliwakaangia, nami nikala mboga, mkadhani nawaachia. Nilichotaka ni kuwasikia mkipigiana kelele kule mtoni, mmoja ameshika mshipi, mwingine wavu. Basi."

Wapendwa, Mungu wetu hana njaa. Tunamletea sadaka nono, tunaimba mpaka sauti zinakauka, naye anatuuliza swali la mama yule: ndugu yako yuko wapi? Nasi tunajibu nini? "Bwana, wewe pokea tu." Inauma, lakini ndivyo tulivyo, na mimi nimo.

Wazee wa kanisa, wekeni vikapu vya sadaka chini kwanza. Humu ndani wamo ndugu walioingia kwa milango tofauti ili wasikutane. Sitamtaja mtu. Inuka tu, umfuate alipoketi. Sisi tutakaa hapa tukusubiri.