Adapta ya Redio ya Matroni

"Kuingia si kupatana. Enyi watoto wa Kidato cha Kwanza, haya ni maneno mazito ya wahenga wa bweni hili, na mimi Chengula, mzee wa miaka kumi na saba, ndiye niliyeachiwa kuyatunza."

Nilisema hayo nikiwa nimesimama juu ya tranka. Tranka halikuwa langu, na mwenyewe akaniomba nishuke kwa kuwa lilikuwa limeanza kubonyea. Nikashuka, nikakaa kwenye ndoo.

Ilikuwa Jumapili mchana, siku ya kufua. Njuka mmoja, mgeni wa Kidato cha Kwanza aitwaye Luhwago, alipoteza ufunguo wa kufuli lake akaazima wa mwenzake. Ufunguo ukaingia vizuri, lakini ukagoma kuzunguka, kisha ukagoma kutoka. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa akipita na maji ya kufulia akamwambia, "Kuingia si kupatana, mdogo wangu," akaenda zake. Ndipo njuka wanne wakanijia wakitaka kujua msemo huo ulitoka wapi.

Methali hii ilianza hivi.

Miaka miwili iliyopita, Tweve alirudi kutoka likizo na mashine ya gemu. Si gemu hizi za kwenye simu. Ilikuwa ya zamani, ile unayochomeka kanda kwa juu, na ikigoma unaitoa kanda unaipuliza, unairudisha. Tweve na kaka yake waligombania pedi zake za kuchezea utoto mzima, mpaka kaka alipoondoka kwenda kufanya kazi migodini. Alipomwachia alimwambia, "Itunze. Nikirudi Desemba tunamalizia ile mechi." Kasoro ilikuwa moja tu: adapta ya umeme ilishapotea.

Katika bweni hili alikuwapo pia kijana mwingine. Jina lake historia imelificha. Alikuwa mrefu, mwenye akili nyingi na sura ya kuvutia.

"Kama nani, kaka?" akauliza Luhwago.

"Huwezi kumjua. Nyamaza."

Kabla ya mashine ile kuja, kila Jumamosi baada ya ukaguzi wa usafi, bweni zima lilikaa kumzunguka kijana huyo. Aliwasimulia filamu alizoziona nyumbani, na milio ya bunduki akaitoa mwenyewe kwa mdomo. Alisimulia hata ambazo hakuziona. Jumamosi moja akaanza kusimulia, akafika katikati, akagundua kwamba msikilizaji amebaki mmoja, naye amelala. Wengine wote walikuwa kitandani kwa Tweve, wakiitazama mashine isiyowaka na kubishana kuhusu volti.

Wivu ukamkaa kijana wetu tumboni kama ugali mbichi. Tweve akicheka, yeye alimhesabu meno. Tweve akipiga chafya, yeye alinung'unika kwamba anajionyesha.

Tweve naye hakuwa mtu wa pupa. Chini ya mashine palikuwa na karatasi iliyobandikwa, na juu yake maandishi ya volti tisa na mchoro mdogo unaoonyesha kwamba katikati ya tundu ni hasi, na nje ni chanya. "Adapta nyingi za redio zimegeuzwa," aliwaeleza wote. "Chanya iko katikati. Ukizichomeka zinaingia, ila umeme unakwenda kinyume." Kwa hiyo akamwendea fundi Mbugi wa sokoni, ambaye aliichukua adapta ya redio ya volti tisa, akakata waya, akabadilishana pande zake mbili, akaunganisha upya na kufunga uzi mwekundu uwe alama. Jumamosi Tweve akaomba ruhusa aende kuichukua. Saa kumi mashine ingewashwa ukumbini, kwenye televisheni ya shule.

Saa nane, wengine wakiwa uwanjani, kijana wetu alibaki bwenini peke yake. Alikwenda chumba cha kupigia pasi akachomoa adapta ya redio ya matroni, mlezi wa bweni. Akaisoma: volti tisa. Akaijaribu kwenye mashine ya Tweve: iliingia kama kidole puani. Mchoro aliuona. Lakini tayari kichwani mwake alikuwa akimwona Tweve anarudi, anakuta mashine inawaka, na bweni zima linampigia makofi mtu mwingine. Akabonyeza swichi.

Taa haikuwaka. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua, kisha uzi wa moshi ukatoka kwenye matundu. Akachomoa, akapepea kwa atlasi yake, akairudisha mashine kwenye boksi na adapta kwenye redio.

Saa kumi Tweve akaingia ukumbini mbio, vumbi hadi magotini, adapta yenye uzi mwekundu mkononi. Akachomeka. Kimya. Akatoa kanda, akaipuliza, akairudisha. Kimya.

"Bwana Volti!" mtu akapiga kelele. "Mrudishie fundi wako adapta hiyo, akaangie mihogo!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni yule kijana wetu. Tweve akafunga boksi lake polepole, akisema peke yake, "Na Desemba nitamwambia nini kaka?"

Jumamosi iliyofuata fundi Mbugi akaja mwenyewe kwa baiskeli, maana jina lake lilikuwa linachafuka mji mzima. Akafungua skrubu, akaunusa ubao wa ndani.

"Nani alichomeka kitu hapa kabla ya adapta yangu?"

"Hakuna, fundi," tukajibu.

"Yupo. Yangu niliipima mbele ya Tweve. Huku kumepigwa na umeme uliogeuzwa." Akatuonyesha kidude kidogo cha miguu mitatu, kimekuwa cheusi.

"Lakini fundi," akauliza yule kijana, "kama plagi imeingia vizuri, bila hata kulazimishwa, kosa liko wapi?"

Fundi akamgeukia. "Kijana," akasema, "kuingia si kupatana."

Akaweka kidude kingine, mashine ikawaka, na Desemba ile mechi ikamaliziwa. Msemo ukabaki bwenini. Na aliyeunguza hajulikani mpaka leo.

Nikasimama kuonyesha kwamba nimemaliza. Luhwago akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Kaka Chengula, huyo mtu alikuwa peke yake bwenini?"

"Peke yake kabisa."

"Sasa habari za kupepea kwa atlasi nani aliziona?"

"Historia ina macho, Luhwago."

"Na harufu ya nywele?"

"Historia ina pua."

Hawakucheka. Walikuwa wanatazama juu ya kichwa changu. Nikageuka. Kwenye kitanda cha juu, juu ya changu, blanketi likasogea, na Tweve, niliyedhani yuko mazoezi ya kwaya, akatoa kichwa.

"Endelea, mzee," akasema. "Umefika kwenye pua."

Nilitafuta mzaha wowote, hata wa zamani. Nikakaa tena kwenye ndoo.

"Ni mimi," nikasema. "Sikutaka kuiunguza, Tweve. Nilitaka washangilie mimi. Lakini walipokucheka, nilifurahi. Hilo la kufurahi ndilo limenishinda kusema."

"Nilijua tangu ulipomuuliza fundi lile swali. Nani mwingine angejua kwamba haikulazimishwa?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Akashuka, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Akawageukia njuka. "Huyu na mimi tumelala kitanda kimoja miaka miwili, yeye chini, mimi juu. Tunaazimana sabuni. Bweni zima linatuita marafiki." Kisha akaniambia, "Haya, wamalizie hadithi yao. Safari hii bila kusimama juu ya tranka la mtu."

Nikawaambia, nikiwa nimekaa, na sauti ikiwa ndogo kuliko nilivyozoea:

"Kuingia si kupatana."