Maoni Kwanza, Maji Baadaye

Wewe, kitabu cha mwisho ulichokisifu mbele za watu, ulikisoma?

Usiangalie pembeni. Nakuuliza wewe.

Haya, tuanze kwa adabu zake.

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na kitabu!

— Tukisome!

Watakaokisoma ni kina nani?

— Sisi sote!

Waliokisoma ni kina nani?

— …

Nimeuliza, waliokisoma ni kina nani?

— Bibi, endelea na ngano yako!

Naendelea.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikwisha kujua kusoma, na walikwisha kujua kujidai wamesoma, palikuwa na bwawa. Kiangazi kilikausha mito, kikakausha visima, kikakausha hata umande. Likabaki bwawa hilo moja, na ndani yake alikaa Kiboko. Alikaa katikati, akalijaza. Ukitaka maji, unapita kwa Kiboko.

Kiboko alijiita Profesa. Nani alimpa uprofesa, hakuna aliyeuliza, kwa sababu aliyeuliza hakunywa. Na ili ubahili wake usionekane ubahili, Profesa aliunda Chama cha Wasomaji. Chama kilikuwa na sheria mbili tu. Kitabu kikipatikana, hukifungua mkubwa kwanza, kisha kinashuka kwa ukubwa wa mwili mpaka kimfikie mdogo kabisa. Na siku ya baraza, maoni kwanza, maji baadaye. Mwenye maoni anakunywa. Asiye na maoni analamba mawe.

Mdogo kabisa alikuwa Pimbi. Miguu mifupi, mkia hana, na katika ufa wa mwamba alikuwa na watoto watatu ambao midomo yao ilikwisha kupasuka kama maganda ya karanga. Mawe walikwisha kuyalamba. Hayakuwasaidia.

Asubuhi moja Pimbi akapita penye kambi iliyohamwa, akaona kitabu kimesahauliwa chini ya mgunga. Kitabu kinene, cha kuegemeza mlango. Juu ya jalada mwanamke mwenye shingo ndefu alikuwa amezimia mikononi mwa mwanamume aliyevaa nguo za chuma toka utosini hadi unyayoni. Kimeandikwa: *Mahaba Ngomeni, riwaya ya mapenzi ya wafalme wa miaka mia nane iliyopita.*

Pimbi akajiuliza, huyu bwana anakumbatiaje na hayo mabati? Vidole vikamwasha afungue. Lakini sheria ni sheria, na kiu ni kiu. Akakitwika kichwani, tipa tipa tipa, mpaka bwawani.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mdudu."

"Mimi si mdudu, Profesa. Ni Pimbi."

"Kwa kimo hicho? Haya, leta kitabu. Baraza ni siku ya tisa."

Siku ya pili Pimbi akaenda. "Profesa, kitabu?"

"Niko sura ya pili. Kitabu kizito hiki, hakipapiwi." Na tumbo likanguruma, guruguru.

Siku ya nne Pimbi akaenda. "Profesa, kitabu?"

"Niko sura ya nne. Kitabu kizito hiki, hakipapiwi." Guruguru.

Siku ya sita Pimbi akaenda. "Profesa, kitabu?"

"Niko sura ya sita. Kitabu kizito hiki…" Kiboko akapiga mwayo katikati ya neno, aaaauuu, mdomo wazi kama mlango wa ghala. Na pale kwenye jino la chini, lile refu, kikaning'inia kipande cha karatasi. Pimbi akanyoosha shingo, akasoma:

*Akaivua kofia ya chuma, na binti mfalme akaona kumbe ni…*

Mdomo ukafungwa. Pa!

Pimbi akarudi mwambani polepole. Ameelewa. Mzee hasomi, mzee anakula. Lakini utamwambia nini mwenye bwawa? Ukimwita mwizi asubuhi, jioni utakunywa wapi?

Siku ya tisa ikafika. Wakaja Bi Twiga, Ngiri na wengineo, ndimi zimekauka, maoni yameiva. Kiboko akakohoa, akaelea juu kidogo.

"Ndugu wasomaji! Kitabu kimezunguka kama sheria inavyotaka. Kimetoka kwangu kikaenda kwa Bi Twiga, kikatoka kwa Bi Twiga kikaenda kwa Ngiri, kikashuka kwa wote, kikaishia kwa Pimbi."

Bi Twiga akamtazama Ngiri kule chini. Ngiri akamtazama Bi Twiga kule juu. Kila mmoja alidhani amerukwa peke yake, na kila mmoja aliona haya kusema. Tena haya yenyewe ina kiu.

"Leo Pimbi atakirudisha," Kiboko akaendelea, na macho yake madogo yakacheka. "Akishindwa, yeye na wanawe hawatagusa maji haya mpaka kiama. Nimemaliza. Tuanze na maoni."

Pimbi akajisemea moyoni: Kumbe hakutosheka kula kitabu. Anataka na mtu wa kumbebesha mifupa.

Kiboko akafungua baraza yeye mwenyewe. "Kwa ujumla, kitabu hiki kina fani, na kina maudhui. Fani imeyabeba maudhui, na maudhui yamebebwa na fani."

"Yametulia hayo!" wakapiga makofi. Kiboko akanywa. Gluu, gluu, gluu. Bwawa likashuka kwa kidole kimoja.

Akafuata Bi Twiga. "Mimi nilivyokisoma, nilisikitishwa na utafiti. Ukurasa wa tisini mfalme anakula muhogo. Nauliza, miaka mia nane iliyopita, kwenye zile nchi za theluji, muhogo umetoka wapi?"

"Tena muhogo wa kuchemsha!" akadakia Ngiri.

"Wa kukaanga," Bi Twiga akamsahihisha. "Soma vizuri." Akatanua miguu, akainama, akanywa.

Akafuata Ngiri. "Mimi nilivyokisoma, nililia."

"Ulilia wapi?" akauliza Pimbi.

"Nyumbani."

"Nauliza, sura gani?"

"Zote! Mke wangu shahidi. Ila yule binti mfalme simpendi. Anajibizana mno na baba yake. Binti wa enzi zile hajibu vile."

"Kwani anaitwa nani?"

Ngiri akameza mate ambayo hakuwa nayo. "Lina… jina lake refu. La kikwao huko." Akapiga magoti upesi, akanywa.

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine. Mmoja akasema mhusika mkuu ni bapa, mwingine akasema ni duara, wakakaribia kupigana, wakanywa wote wawili. Jua likapanda. Ikabaki zamu moja.

"Pimbi!" Kiboko akanguruma. "Kitabu kiko wapi?"

Pimbi akainama kwa heshima. "Profesa, kitabu kilipo napajua, na kabla baraza halijaisha kila mmoja atapajua. Lakini sheria yetu ni maoni kwanza. Au imebadilika?"

"Haijabadilika. Sema."

"Mimi nilivyokisoma, nina tabia mbaya. Nikiokota riwaya ya mapenzi, hata kabla sijaikabidhi kwa mkubwa, nachungulia ukurasa wa mwisho. Nataka kujua kama wameoana."

"Mvunja sheria!"

"Niadhibiwe, Profesa, nastahili. Lakini ukurasa wa mwisho haukuwa na ndoa. Ulikuwa na tangazo. Lile tangazo la wino mwekundu. Bila shaka nyote mmeliona."

Nzi akapita, zzzz.

"Tumeliona," akasema Bi Twiga.

"Liliniliza kuliko yote," akasema Ngiri.

"Mimi nimelisoma mara mbili," akasema Kiboko. "Lina fani."

"Alhamdulillahi," akasema Pimbi. "Basi nawakumbusha tu. Tangazo linasema: Msomaji mpendwa, kurasa za kitabu hiki zimepakwa dawa ya mchwa. Soma kwa macho. Ukilamba kidole kufunulia, utaumwa tumbo kidogo. Ama ukitafuna ukurasa…"

"Nani atafune ukurasa!" Ngiri akacheka, kwi kwi kwi. "Hata mimi, ninayekula mizizi kwa magoti, sijafika huko!"

"Ukitafuna ukurasa, siku ya pili tumbo litanguruma. Siku ya nne litanguruma. Siku ya sita litanguruma. Siku ya tisa, jua likifika utosini, halitanguruma tena."

"Litafanya nini?" akauliza Kiboko.

"Profesa, si umelisoma mara mbili?"

"Nawapima nyinyi!"

"Litapasuka," akasema Pimbi. "Pwaaa!"

Kutoka chini ya maji ikasikika sauti. Guruguru.

Wote wakainua macho. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kufika utosini. Kiboko naye akaanza kutoka jasho, na jasho la kiboko, kama mnavyojua, ni jekundu.

"Profesa," Bi Twiga akasema kutoka kule juu, "mbona unavuja wino?"

"Ni joto!" Kiboko akafoka. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo: "Pimbi, mama, hivi tangazo… halikutaja dawa?"

"Lilitaja. Mstari wa mwisho kabisa, kwa maandishi madogo."

"Ulisemaje huo mstari?"

Pimbi akafikicha macho. "Ulisema… mh. Unanijia, unaniponyoka. Kiu hii, Profesa, inanisahaulisha."

"Kunywa!"

Pimbi akanywa. Taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Naona mwanzo wa mstari. Ila nikiwafikiria wanangu watatu kule mwambani, nausahau tena."

"Waite! Wanywe! Wajinga nyie, mmesimama nini? Kunyweni wote, mwacheni mama wa watu akumbuke!"

Wakaja watoto wa Pimbi, wakarudi wenye maoni na wasio na maoni, wakanywa bega kwa bega. Jua likabakiza upana wa kidole.

"Nimekumbuka!" akasema Pimbi. "Mlaji atoke majini, asimame nchi kavu, atamke alichokifanya mbele ya wasomaji wote, kwa sauti ya kufika mwambani. Sumu hutoka na maneno. Kisha asiguse bwawa mpaka mvua ya kwanza, maana maji huichemsha upya."

Kiboko akamtazama Pimbi. Akalitazama jua. Tumbo likafanya guruguru la mwisho, lile refu, la radi iliyo mbali. Chubwi! Akatoka bwawani mbio, akasimama juu ya mchanga, anatiririka maji na jasho.

"Nilionja tu!" akasema.

"Kwa sauti, Profesa. Mwambani hawajasikia."

"NIMEKILA! Nimekila kitabu! Nilisoma ukurasa wa kwanza, kulikuwa na karamu, mboga za majani zimepangwa mezani, nikasema niuonje! Nikala ukurasa, nikala sura, nikala ngome nzima! Jalada likanikwama kooni, nikalisukuma kwa matope! Hakikuzunguka! Pimbi hana kitabu, kitabu ni mimi!"

Jua likafika utosini. Wanyama wakaziba masikio.

Hakuna kilichopasuka. Jua likapita zake. Kiboko akapapasa tumbo, akalia kwa furaha, akatimka kwenda kulala kwenye tope la ng'ambo kusubiri mvua. Na kwa kuwa mvua mwaka ule ilichelewa, aliisubiri sana.

Bwawani wakabaki wanatazamana.

"Kama hakikuzunguka," akasema Bi Twiga taratibu, "wewe Ngiri ulilia nini?"

"Nililia kiu," akasema Ngiri. "Na ule muhogo wako wa kukaanga?"

Bi Twiga akakohoa. Kwa shingo ile, kikohozi kilichukua muda kufika. "Nilikuwa na njaa."

Wakacheka mpaka maji yakafanya mawimbi. Kisha wakamgeukia Pimbi, wamemzunguka, macho yanawang'aa kwa hamu, maana sasa walikuwa wameshiba maji na walitaka hadithi. "Basi wewe uliyechungulia tusimulie. Walioana?"

Pimbi akawapangusa wanawe midomo, mmoja, wa pili, wa tatu. Akashusha pumzi.

"Jamani, sikuchungulia chochote. Tangazo nimelitunga hapahapa mbele yenu. Katika kitabu kile nimesoma mstari mmoja tu, na niliusomea kwenye meno ya Profesa. Binti mfalme akaona kumbe ni… kumbe ni nani? Sijui! Ni siku tatu hizi silali!"

Nami ngano yangu naitua hapo. Ikiwa tamu, tuitafune sote. Ikiwa chungu, niachieni jalada.

Na funzo lake, andikeni: usitoe maoni juu ya kitabu usichokisoma. Pimbi alitoa, akapewa bwawa. Kiboko ndiye pekee aliyekimaliza chote, na mnaona yalivyomkuta.