Asubuhi Korongo Alipokuja Kusikiliza Majina

Nikisema paukwa, msinijibu kwa uvivu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, siku ya Jumatano, tarehe tisa ya Mfungo Sita, saa kumi na mbili na robo ya asubuhi, Korongo alitua katika nchi ya nguchiro. Puu! Akakunja mbawa. Mdomoni alikuwa na ukindu mmoja mrefu.

Nchi ya nguchiro ilikuwa changa. Ilikuwa na umri wa miaka minne. Kabla ya hapo nguchiro walitawaliwa na ngiri, na ngiri walikuwa wakiwapunguza: leo mmoja hayupo, kesho wawili hawapo. Walipojitawala, wakala kiapo kwamba hatapungua mtu tena. Wakaweka desturi. Kila kulipopambazuka, mwita-majina, aliyeitwa Pazi, alipanda kichuguu akaita majina yote. Aliyekuwapo alijibu, "Nipo!" Na ikiwa mtu alikuwa mbali, taifa zima lilimjibia, "Yupo!" Desturi hiyo waliipenda sana.

Sasa, nguchiro watatu walikuwa wamefungwa ng'ambo ya mto, katika nchi ya nyani. Walivuka kuchimba mbawakawa, nyani wakasema ni wapelelezi, wakawatia ndani. Wa kwanza Kombo, wa pili Shee, wa tatu Mbaruku. Miezi saba ilipita. Kila asubuhi taifa liliwajibia watatu hao kwa sauti kubwa kuliko ya majina mengine yote. Yupo! Yupo! Yupo! Vumbi likapanda. Watoto wakaruka. Kila mmoja akarudi kwake akijiona amefanya jambo.

Korongo akauweka ukindu chini, akasema:

"Nyani wamenituma. Wamechoka kuwalisha watu wenu. Sheria yao ni hii: mfungwa anayekosekana kwao hurudishwa, asiyekosekana kwao hubaki awachimbie viazi. Iteni majina kama mnavyoita siku zote. Kila nitakayesikia kwamba hayupo, nitamfungia fundo katika ukindu huu. Mwenye fundo atarudi."

Nguchiro wakatazamana. Chwi, chwi, chwi.

Bi Ruzuna, mama yake Mbaruku, akasimama. "Jamani, si mmesikia? Leo tu, semeni hayupo. Kesho tutarudia desturi yetu."

"Haa!" akasema mmoja. "Tuwaambie nyani kwamba tumepungua?"

"Kwani hatukupungua?"

"Tumepungua, lakini si la kumwambia mgeni!"

"Huyu mama amekwisha kula viazi vya nyani," akasema mwingine. Wakacheka.

Pazi akainua mkono. "Bi Ruzuna, uchungu wako tunaujua. Lakini hili ni la taifa. Kaa, mama."

Bi Ruzuna akakaa.

Pazi akapanda kichuguu. Akaita wa hapa, wakajibu wa hapa. Kisha akavuta pumzi.

"Kombo!"

"Yupooo!" Ardhi ikatetemeka. Mama yake Kombo naye alikuwa katikati ya umati, na sauti yake ilisikika. Korongo hakuugusa ukindu.

"Shee!"

"Yupooo!" Korongo hakuugusa ukindu.

"Mbaruku!"

"Hayupo!" Bi Ruzuna alikuwa amekwisha simama. "Hayupo! Mahali pake pa kulala pana baridi miezi saba. Nimepapasa kila siku. Mwanangu hayupo!"

"Yupooo!" umati ukanguruma. "Keti! Yupooo! Msaliti!"

"Unatuaibisha mbele ya mgeni," akasema Pazi.

"Aibu nitaibeba mimi, baba. Wewe endelea na majina."

Korongo akageuza shingo upande huu, akageuza upande huu. "Nasikia wengi wanasema yupo, na mmoja anasema hayupo. Huyo mmoja ni nani kwake?"

Nguchiro wakageuka, wakamtazama Pazi.

"Nauliza, ni nani kwake?"

"Ndiye aliyemnyonyesha," akajibu kikongwe mmoja.

Korongo akafunga fundo moja. Akaushika ukindu mdomoni. Pu, pu, pu, akaruka, akavuka mto.

Ndipo mama yake Kombo alipomsogelea Bi Ruzuna. "Na mimi nilitaka kusema," akanong'ona.

"Mbona hukusema?"

"Walikuwa wengi, mwenzangu."

Siku ya saba Mbaruku akarudi, amekonda, sikio moja limechanika. Hakuna aliyemshangilia, walisema amerudi kwa kuvunja kiapo. Mama yake alimlisha. Alipomaliza kula, Pazi akaja kumwuliza habari za wenzake.

"Tulisimama watatu," akasema Mbaruku. "Korongo akaonyesha fundo langu. Kombo akamwuliza, 'Na mimi? Kwetu wamesema nini juu yangu?' Korongo akamjibu, 'Wamesema upo.' Shee akatazama chini. Kombo akacheka. Akacheka sana. Kisha akachukua jembe."

Pazi akainuka, akaenda zake. Kesho yake asubuhi aliita majina, na kwa wale wawili taifa likajibu kama kawaida.

Mafunzo ya ngano hii ni haya: umma ukipenda kulitukuza jina la mfungwa kuliko kumtaka mfungwa mwenyewe, umemfunga mara ya pili.

Wako wasimuliao kwamba nyani walivunja ahadi. Si kweli, nyani walitimiza walilosema. Wako wasemao Korongo alikuwa kiziwi. Si kweli, alisikia kila neno. Na wako wasemao kwamba walirudi wote watatu, ngoma zikapigwa. Hao msiwasikilize. Ngano yangu inatua hapa, na aliyerudi ni mmoja.