Jina la Kinda la Korongo

Hapo zamani, na nyie mnaonong'ona huko nyuma sogeeni, palikuwa na kijiji kando ya mbuga. Watu wake waliwapenda korongo kuliko walivyopendana wenyewe. Kila kinda lililokua mpaka likaruka lilipewa jina la mtu, na jina hilo likaitwa kila asubuhi korongo walipocheza. Aliyelichagua jina ni yule aliyelilinda kinda.

Mwaka huo kinda lilikuwa moja tu, na Minza alikuwa na hamu nalo mno. Mama yake, Nyanzobe, alikuwa amefariki, na Minza alizaa wavulana watupu, Sitta na wadogo zake. Hakuna mtoto aliyerithi jina la bibi yake.

Masika, mpunga ulipotoa masuke, kila mtu alikuwa shambani anaamia ndege, anatikisa kibuyu cha kokoto na kupiga kelele. Minza akamwona korongo ameatamia pembeni mwa shamba lake. Kelele zikizidi, korongo anayaacha mayai. Basi Minza akaweka kibuyu chini, akanyamaza. Kweleakwelea wakaja, wakala, wakashiba, wakaita na ndugu zao. Yeye akakaa anautazama mpunga wake unakwisha, machozi yanamtoka, kinywa amekifumba. Kinda likaanguliwa.

Mvua zikaisha, nyasi zikakauka, moto ukaingia mbugani. Jirani yake, Lukanya, akaupiga kwa matawi mabichi mpaka nyusi zake zote zikaungua. Kinda likapona. Na moto aliuwasha nani? Lukanya huyo huyo! Alikuwa akichoma mabua, ukamponyoka. Lakini nyusi ziliungua kweli, tusimwonee.

Kiangazi kikakolea, likabaki dimbwi moja. Machibya mchungaji akawanyima ng'ombe wake dimbwi lile, akawapeleka kisima cha mbali, kutwa nzima njiani. Wakakonda, maziwa yakakatika, mkewe akanuna. Korongo wakanywa kwa raha zao. Asubuhi moja kinda likaruka, na kijiji kizima kikatoka kushangilia, hata mke wa Machibya.

Watatu hao wakaenda kwa mtemi, kila mmoja akidai ndiye aliyelilinda kinda. Lukanya alitaka jina lake mwenyewe, alisikie angali hai, na watu wakacheka. Machibya alitaka la kaka yake aliyekwenda kuchunga mbali asirudi.

Minza akasema, "Mtemi, bila yai hakuna cha kuokoa motoni wala cha kunywesha. Sikuvuna hata ungo mmoja. Naomba mama yangu aitwe."

Lukanya akamjibu bila hasira. "Mama Sitta, ndege walipomaliza kwako walihamia kwangu. Mpunga wangu nao ukaisha. Unadhani kwa nini niliwahi kuchoma mabua? Nilikuwa na njaa, nikataka kupanda mihogo."

Minza akainamisha kichwa. Hilo hakuwa amelifikiria, na likamuuma.

Machibya akasema yeye ndiye pekee ambaye hakumdhuru mtu. Kweli. Lakini naye alilikuta kinda limeshaota manyoya, limebakiza kuruka tu.

Mtemi akakuna kidevu mpaka kikachubuka. Kesho korongo watacheza, na lazima liitwe jina moja.

Haya, msiniangalie mimi. Nani alistahili: aliyenyamaza, aliyeungua, au aliyekwenda mbali? Na wewe unayemtetea Minza kwa sauti kubwa hivyo, shamba lako lingepakana na lake, ungemtetea?