Fuwele ya Saba na Kibano

Nimesimuliwa haya na mtu wa maabara. Nakupitishia kama nilivyoyapata. Ukimaliza, msomee na mwenzako.

Bi Nakijwa alikuwa fundi wa kukuza fuwele. Kila fuwele ilikaa tanurini siku kumi na moja, yeye akiilinda. Sita za kwanza zilikuwa zimekataliwa kwenye vipimo, na mkurugenzi akaamuru zivunjwe, ziyeyushwe upya. Ya saba nayo ikikataliwa, tanuri lingezimwa na Bi Nakijwa angerudi kwao.

Mpimaji aliitwa Shekiondo. Kazi yake ilikuwa kuipiga fuwele eksirei na kusoma pembe ambayo mionzi inarudi nayo. Ndani ya fuwele, atomi hukaa tabaka kwa tabaka, kwa nafasi sawa. Tabaka zikibanwa hata kidogo, pembe hubadilika.

Aliifunga ya saba kwenye kibano, akapima, akashusha pumzi.

"Imebanwa ndani, kama zile nyingine. Bi Nakijwa, tanuri lako lina kijicho na sisi."

"Na sisi? Na wewe. Mimi naelewana nalo."

Bi Nakijwa hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho mekundu.

"Kosa liko wapi?"

"Kwenye kingo, pande mbili."

"Na zile sita?"

"Hapo hapo."

"Kibano chako kinashika wapi, baba?"

Shekiondo akakitazama kibano: kilishika kingo zile zile mbili. Siku zote alikikaza kwa nguvu zake zote, fuwele isije ikaanguka.

"Ifungue," akasema Bi Nakijwa. "Ilaze juu ya nta, upime tena."

Shekiondo akapima mara tatu. Pembe ilitoka sawa, ukingo hadi ukingo.

Mkurugenzi akaitwa. Akasoma karatasi, akatabasamu.

"Hongera, mama. Hatimaye umeijua kazi."

"Tanuri ni lile lile, joto lile lile," akajibu Bi Nakijwa. "Kilicholegezwa ni skrubu ya kibano."

Mkurugenzi akamtazama Shekiondo. Kisha akamgeukia Bi Nakijwa.

"Kwa hiyo zile sita zilikuwa nzima?"

"Nani atajua sasa? Ulisema zivunjwe."

Bi Nakijwa akashika magoti, akainuka taratibu, akaenda kuandaa ya nane.

Funzo: Kabla hujasema mtu ana kasoro ndani yake, angalia kwanza mkono wako umemkaza kiasi gani.