Mtungi wa Jina la Kindi

Paukwa.

Pakawa, Bibi.

Mnaitika kama mna homa. Paukwa, nasema.

Pakawa!

Haya. Palikuwa na Kindi, fundi wa mizinga ya nyuki, na wanawe watatu. Ukaja mwaka wa ukame. Nyuki wakahama, mizinga ikakosa mnunuzi. Kindi akakopa maharage kwa Kobe, akakopa mihogo kwa Kanga, na mwisho, maskini wa watu, akakopa pishi tatu za mtama kwa Fisi.

Kwa Fisi mtama ulizaana. Pishi tatu zikawa kumi. Kumi zikawa thelathini. Kila adhuhuri, jua utosini na njia tupu, mlango wa Kindi ulilia ngo, ngo, ngo.

"Kindi, nipe changu."

"Sina, bwana mkubwa."

Kesho yake ngo, ngo, ngo. Siku ya saba Fisi hakudai mtama. Aliwanusa watoto mmoja mmoja, hm, hm, hm, akauliza yupi mkubwa, akaenda zake. Kindi akawaingiza wanawe ndani, akakomea mlango.

Sasa sikilizeni. Nchi ile, aliyeshindwa kabisa kulipa alizikwa angali hai. Hauzikwi mwili, linazikwa jina. Anakwenda kwa Kakakuona, mzishi wa majina, anavikwa sanda, mali yake inatandazwa mkekani, wanaomdai wanagawana. Chombo chake cha kazi na mkeka wa kulalia haviguswi. Jina lake linatamkwa ndani ya mtungi, mtungi unazibwa kwa nta na kufukiwa, na tangu hapo hakuna ruhusa ya kumbishia mlango. Ila mwaka mzima haitwi jina, hasalimiwi, hakopeshwi hata kaa la moto. Anapita kama upepo, watu wanatazama kando. Mimi ningelia.

Kindi akaamua. Lakini kwanza akamfuata Fisi, akamwangukia miguuni. "Kesho nazikwa. Chukua chochote, bwana mkubwa, ila mtungi wenye nta usiuguse." Fisi hakulala, akiuwaza mtungi ule, bila shaka umejaa asali.

Siku ya pili Kindi alilazwa, sanda mpaka machoni. Kakakuona akauzunguka mkeka, kwaru, kwaru, kwaru, magamba yakisuguana. Akauliza nani anamdai. Kobe akasema mimi, Kanga akasema mimi. Fisi akafika amechelewa, mtungi umeshazibwa, akasema mimi. Akapiga hesabu: mali ile kwa watatu, na mtungi ufukiwe? Roho ikamuuma.

Kakakuona akauliza, taratibu, "Yupo mrithi, achukue vyote na mtungi?"

Kobe akarudi nyuma, Kanga akarudi nyuma. Maana walijua maneno yanayofuata. Fisi hakuyajua. Yeye msibani hukaa mpaka sufuria ziishe, kisha huyoo.

"Mimi ndiye mrithi," akasema Fisi, akaukumbatia mtungi.

"Mrithi amebeba mali," akasema Kakakuona, "mrithi amebeba madeni. Jina ni lake."

Chini ya sanda, Kindi alipumua.

Fisi akafika kwake, akabandua nta, akatia ulimi. Hamna kitu. Ikatoka sauti nyembamba, yenye baridi. "Kindi... Kindi..." Na Fisi, sijui kwa nini, akaitika: "Naam."

Adhuhuri, ngo, ngo, ngo. Kobe. "Kindi, nipe changu." Fisi akataka kukana, mdomo ukaitika naam. Akalipa. Kesho yake, ngo, ngo, ngo. Kanga. Akalipa. Siku ya tatu, ngo, ngo, ngo. Akafungua: hapana mtu, hapana hata kivuli, ila sauti yake mwenyewe. "Kindi, nipe changu." Akakimbilia kwa Kakakuona azikwe na yeye. Kakakuona akamwangalia sana. "Nizike jina gani? Lako umeliacha, na hili lilishafanyiwa mazishi."

Mwaka ukapita, mvua zikarudi, nyuki wakarudi. Kindi hakuwa na kitu ila tezo yake ya kuchongea na mkeka wake. Asubuhi moja Kobe akasimama mlangoni, akakohoa, akasema, "Fundi, nichongee mzinga." Mwaka mzima hajaitwa. Kindi akaweka tezo chini, akalia mbele ya wanawe.

Na ile sauti mnayoisikia mbali, mnayosema fisi anacheka? Hacheki. Anaitika.

Hadithi yangu nimeiziba kwa nta. Atakayeibandua, shauri yake.

Funzo? Lipeni madeni, wanangu. Kindi hakulipa hata punje, na mnaona yaliyompata: analala usingizi mzito na wanawe wote watatu. Sasa nani atanikopesha sukari kikombe kimoja? Siku ya kudai njooni tu mlangoni kwangu, adhuhuri, mumwite Kindi.