Bati Lililohama Kilimani

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, mto Rufiji ulifura ukameza mashamba yote ya mpunga. Mkumba alikuwa dunguni, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia mpunga. Maji yakamzingira. Mkewe Somoe alibaki kilimani na mimba yake, hakai, hasimami.

Mawingu yamefunga. Ikaletwa ndege yenye rada, inayoona hata ndani ya mawingu. Ila picha yake haipigwi mara moja kama ya pasipoti. Inashonwa kidogo kidogo ndege ikienda. Njia ikipinda, picha nayo inapinda, mume wa mtu akaonekana uani kwa jirani. Na hayo tumeyaona sana, hata bila rada.

Rubani Chambuso akaambiwa, "Nyoosha kama uzi." Akanyoosha. Mara korongo hao, kundi zima! Akakwepa, akarudi mstarini, asimwambie mtu. Tangu asubuhi wanamsifu mkono wake hautikisiki; angesemaje?

Tumpe, fundi wa picha, akaona picha imeyumba.

"Turudie?" akaulizwa.

"Ya nini? Pale kilimani tumesimika bati la pembe tatu, linang'aa kwenye picha, na mahali pake tunapajua. Nitanyooshea hapo."

Akanyoosha. Boti pekee ikatumwa pale picha ilipoonyesha dungu, ikakuta maji matupu. Kuja kumpata Mkumba, dungu limeanguka na mamba ametangulia. Mkumba akarudi. Mguu wake mmoja ukabaki mtoni.

Maji yakapwa. Msimu wa mlau huo, mahindi yanapandwa topeni kabla tope halijakauka, na tope halimsubiri mtu. Mkumba akawaita wageni wake wa ndege, Chambuso na Tumpe, akaegemeza jembe mlangoni.

"Aliyenipoteza anilimie, mpaka mtoto huyu wa tumboni aweze kushika mpini."

"Nisingekwepa tungeanguka wote," akasema Chambuso.

"Ungesema basi, kaka, ningerudia," akasema Tumpe.

"Picha si ulikuwa nayo machoni?"

"Na niliinyoosha sawasawa. Bati ndilo lililodanganya."

Mkumba akacheka. "Bati lina miguu? Mimi mwenyewe nimebaki na mmoja."

Somoe akainamia tumbo lake. Bati lilikuwa nyuma ya jiko, limejaa masizi. Asubuhi ile ya mvua, kabla ndege haijapita, mama mkwe alilia njaa, moto haushiki; Somoe akalikokota bati kutoka kule juu mpaka uani, akakinga mafiga. Waliolisimika walisema lisiguswe. Hawakusema kwa nini.

Mama mkwe akakohoa, akamtazama mkwewe. "Uji ule ulikuwa mtamu, mwanangu," akasema.

Chambuso akamtazama Tumpe, Tumpe akatazama chini. Somoe akaona jembe, akaona tumbo lake, akaona tope kule bondeni linaanza kupasuka. Mkono wake ukanyanyuka, ukasita.

Haya, ninyi mliotega masikio, msinitolee macho mimi. Tope linakauka. Je, jembe lile alistahili kulishika nani?